Maziko ya Mtu Tusiyemjua

Zubeir, leo nimeaibika nyuma ya jeneza, wallahi!

Babu Muhdhar kaniburura mpaka Muyeye kwenye maziko. Njia nzima yuapiga soga na wazee wenziwe. Miguu haimuumi! Miguu ileile ambayo nyumbani haifiki msalani bila kulalama.

Nikamuuliza, "Babu, kwani marehemu ni nani?"

"Sijui."

Sijui! Zubeir, kasema sijui! Na watu wamesikia.

Nikamnong'oneza, "Sasa tumefuata nini?"

"Tangu bibi yako afe, nitembee na nani? Wewe kutwa wazunguka mahotelini kutafuta kazi. Maziko hayamfukuzi mtu."

Nikanywea, ndugu yangu. Nikamwambia, "Basi kesho tutembee mimi nawe, hata kama hakufa mtu."

Akanitazama juu mpaka chini. "Kwa mwendo wako huo? Haya, lakini usinicheleweshe."