Pumzi ya Pangoni

Naha, Novemba 1966

Kwako Dada Tsuruko,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba joto la huko Brazili halijawachosha. Sisi hatujambo. Mama bado ulimi wake mkali. Jana kanifokea kwa kununua kipande cha tofu ya soya kilichovunjika.

Uliniuliza kama nimepata mkanda mweusi. Subiri nikueleze.

Mwalimu Kabira hampi mtu mkanda kwa ngumi peke yake. Lazima ujue karate yako imetoka wapi: kwamba zamani watu wetu waliiita “mkono” tu, na kwamba wazee wa Naha walivuka bahari hadi Fujian, kwa Wachina, kujifunza. Siku ya mtihani akaniuliza maana ya Sanchin, zoezi letu la msingi. Nikajibu upesi kwamba ni vita vitatu: vya mwili, vya pumzi na vya moyo. Akasema, “Hata kasuku angejibu hivyo.” Wenzangu wakacheka, Maeshiro zaidi ya wote.

Hapo mzee akavua vazi la juu. Amepita sabini, Dada, na mbavu zimemtoka. Akasimama, vidole vya miguu vimeng'ang'ania sakafu, akaanza kupumua: hewa inaingia kimya, inatoka ikinguruma kama wimbi ndani ya mwamba. Akamwamuru Maeshiro, ambaye ni mpagazi wa bandarini, amsukume. Maeshiro akasukuma mpaka jasho likamtoka. Mzee hakusogea.

Alipomaliza akatuambia kwamba maana ya Sanchin aliijulia pangoni, wakati wa vita, miaka ishirini na moja iliyopita. Juu mabomu, chini giza, na kitoto kinalia. Askari wetu wenyewe wakasema kinyamazishwe, la sivyo wangekinyamazisha wao, maana adui angesikia. Mama yake hakuwa na maziwa. Mwalimu akakipapasa gizani, akakilaza kifuani, akapumua Sanchin hadi kikalala. Sura ya mama wala ya mtoto hakuiona. Walipotoka mabomu yaliwatawanya. “Vita vyote vitatu nilivipigana nimekaa,” alisema, “na sikumpiga mtu.”

Ndipo tukasikia sufuria ikiwekwa chini mlangoni. Mama alikuwa ametuletea mchuzi wa miguu ya nguruwe, na alikuwa amesimama pale tangu mzee alipoanza kupumua. Akaingia, akapiga magoti, paji la uso sakafuni. Akasema kwamba pumzi ile angeitambua hata kaburini, na kwamba miaka yote hakujua amshukuru nani. Kisha akaninyooshea mkono. “Mtoto mwenyewe huyu hapa.”

Wewe wakati ule ulikuwa umehamishiwa kisiwa cha Kyushu pamoja na watoto wa shule, mbali na mabomu, ndiyo maana hukujua. Mimi pia hakuwahi kuniambia. Nililala kifuani mwa mzee yule kabla sijajua jina langu, na miaka yote hii nimekuwa nikimwinamia kila jioni kama mgeni.

Mwalimu alinitazama toka kichwani hadi miguuni. Akasema, “Umekuwa mzito.” Halafu akaniambia nisimame, mtihani haujaisha. Nikapumua Sanchin huku machozi yakinitiririka, naye akinipiga mabega kwa viganja, kama ilivyo desturi, kuona kama nitayumba. Sikuyumba. Mkanda nimeupata.

Wabusu watoto kwa niaba ya mjomba wao. Mama anakusalimu sana. Amenikataza kukuambia kwamba alilia, kwa hiyo ukimwandikia, jifanye hujui.

Ndimi mdogo wako,
Morinobu Yonamine