Mstari wa Jumamosi

Jumamosi, 25 Oktoba

Saa kumi na mbili na nusu, chai. Saa moja, kompyuta. Nimebonyeza "sasisha" kama kila Jumamosi, nikawa nasubiri huku nafunga kitambaa kichwani kwa ajili ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa kila mwisho wa mwezi. Jembe lilikuwa tayari mlangoni.

Mwanangu Aimé aliponiachia mashine hii aliweka mfumo wake huria, akanipa agizo moja tu. Mama, kila Jumamosi asubuhi sasisha, kisha uiwashe upya. Huu ni mwaka wa pili. Sijakosa hata wiki moja. Misa nimekosa.

Leo orodha ilikuwa ndefu. Ndani yake kulikuwa na kiini kipya cha mfumo, kile kinachoongoza mengine yote. Ikamaliza, ikaniomba niwashe upya. Nikawasha. Kioo kikawa cheusi.

Feni inazunguka. Taa ndogo ya pembeni inawaka. Kioo, cheusi tiii. Nimebana kitufe mpaka ikazima, nikawasha. Cheusi. Nimefanya hivyo mara sita.

Nje majirani wakaanza kupita na majembe, wanacheka. Sikutoka. Mara ya kwanza tangu nihamie Kanombe, hapa Kigali. Nimekaa jikoni na mashine mapajani mpaka saa tano, umuganda ukaisha, nikasikia majembe yale yale yanarudi.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimesoma mtandaoni kwa simu mpaka macho yanauma. Wengi wamepatwa na haya baada ya kusasisha kiini. Kila mmoja ana dawa yake. Chomoa chaja. Bana kitufe nusu dakika. Unganisha na televisheni. Televisheni yangu ni ya zamani, haina hata tundu la kuchomekea waya. Nimefanya yote mengine. Cheusi.

Niseme ukweli hapa, maana hapa hakuna anayesoma. Mashine hii sina kazi nayo. Hati za mizigo naziandika uwanja wa ndege, kwa kompyuta ya ofisi. Hii ya nyumbani ni ya Aimé. Humo mna daftari zake za shule, picha zake, na sauti yake ya miaka kumi na miwili akisoma masomo ya Jumapili kanisani. Nakala nilikuwa nayo kwenye flashi. Flashi nikaiazimisha kwaya. Ikarudi na nyimbo za Pasaka tu.

Wiki tisa sijaongea naye. Mwezi wa nane alipiga kuniambia kwamba amepata kazi huko Poland anakosoma, na akimaliza masomo hatarudi kwanza. Nikamwambia asinipigie tena mpaka awe na tiketi mkononi. Nilisema kwa hasira. Nilidhani atapiga kesho yake.

Hajapiga. Nilimlea awe mtiifu, na sasa ananitii.

Kwa hiyo yalibaki haya ya Jumamosi. Yeye aliniagiza, mimi nafanya. Ndiyo mazungumzo yetu. Na sasa kioo cheusi. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Wa kwangu yuko Poland. Hili nalila peke yangu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Jioni Védaste amebisha hodi. Ndiye mutwarasibo wetu, msimamizi wa isibo, yaani nyumba zetu chache za kichochoro hiki. Nilijua tu. Umuganda.

Hakuniuliza kwa nini sikuja. Aliuliza kama niko mzima. Mtu wa Kigali akianza kwa adabu hivyo, jua kuna lawama nyuma. Nikawahi. Nikasema goti. Limevimba, tangu Ijumaa. Akalitazama goti, akanitazama usoni, akatazama nyumba nyuma yangu kana kwamba anahesabu viti. Akasema, "Ihangane, pole sana, mama Aimé." Kisha akaenda getini, akatoa simu, akaongea na mtu kwa sauti ya chini muda mrefu.

Ananiripoti. Sawa. Nitalipa faini kama wengine.

Lakini kusema "kompyuta ya mwanangu imezima, nikashindwa kutoka nje" sikuweza. Mwanamke wa miaka hamsini na moja. Goti lina heshima zaidi.

Jumanne, 28 Oktoba

Goti limenitia aibu. Nimerudi kutoka kazini nikakuta wanawake watatu wa isibo wananisubiri mlangoni. Uji wa mtama kwenye sufuria kubwa, mafuta ya kuchua, na maneno ya pole. Mgonjwa lazima aonwe, hata mimi huwa naenda. Ikabidi nichechemee kutoka getini mpaka ndani. Mmoja wao akataka anichue. Nikakunja sketi, nikachuliwa goti zima kabisa.

Walikaa nusu saa. Nyumba ilikuwa na sauti za watu. Walipoondoka nikaendelea kuchechemea mpaka jikoni, hakuna anayeniona, kisha nikakumbuka kwamba siumwi.

Nililia kidogo. Uji ulikuwa mzuri.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimeomba ruhusa ya mchana. Basi mpaka Nyabugogo, kutoka hapo kwa miguu hadi Kimisagara, mashine kifuani ndani ya kitenge. Fundi anaitwa Fidèle, amekulia Goma, kibanda chake kimejaa kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Mpole. Akaifungua, akapuliza vumbi, akabadilisha RAM, akairudishia. Cheusi.

"Mama, hii mashini iko muzima. Ni hii système ndiyo inaleta matata, na mimi sizoee hii. Tufute byote, tutie ingine ya mupya."

Nikauliza vitu vya mtoto. Akasema bitaenda, pole.

Nikasema sawa. Nimeliandika hapa ili nisije kujidanganya baadaye. Nilisema sawa, futa. Nilichoka. Akachomeka flashi yake. Kisha, mkono ukiwa juu ya kitufe, akauliza nani aliniwekea mfumo huu. Mwanangu. "Basi umuulize yeye kwanza, mama."

Nikamwambia mwanangu hana simu.

Uongo wa pili wiki hii, na huu nimemsingizia mtoto. Nikaona haya. Nikachukua mashine, nikamwambia fundi nitarudi Ijumaa. Nimeshuka Kanombe ndege inapita chini juu ya mapaa. Huwa siziangalii. Leo niliiangalia mpaka ikapotea.

Alhamisi, 30 Oktoba

Siku nzima kazini nilikuwa naandika ujumbe na kufuta. Mkubwa hamwanzi mdogo, ndivyo nilivyolelewa. Mama yangu alikaa Buyenzi miaka minne bila kusema na dada yake kwa ajili ya neno moja. Dada akafa. Mama akaenda mazishini na lile neno bado liko mdomoni.

Saa kumi na mbili jioni nikaandika: Kompyuta yako imekufa. Bila salamu. Nikatuma haraka kabla mkono haujaghairi.

Jibu lilikuja simu ikiwa bado mkononi: Naruhusiwa kupiga?

Nilikaa chini sakafuni. Nikaandika: Piga.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, goti?" Nikamwambia aachane na goti. Sikujiuliza amelijuaje. Sauti yake imekuwa nzito. Nikamweleza yote, kuanzia kiini kipya. Akaniambia nizime taa ya jikoni, niwashe tochi ya simu, niimulike kwenye kioo kwa pembeni, karibu kabisa.

Nikamulika. Mwanzoni hakuna. Nikainamisha mkono. Hapo nikaona. Hafifu sana, kama maandishi ya penseli yaliyofutwa. Saa. Jina langu. Kisanduku cha neno la siri. Vyote vipo. Akasema kiini kipya kimeshindwa kuwasha taa ya nyuma ya kioo, basi. Mashine haikufa hata siku moja. Siku tano inaniomba neno la siri gizani, na mimi naizima kwa kuibana koo.

Nikaingiza neno la siri, tochi mkono mmoja, kidole kimoja. Intaneti ikashika.

Akasema, "Umefika."

Nani amefika?

Mstari, akasema. Ndipo akanieleza, kwa aibu, kama siku alipovunja kioo cha dirisha la jirani akiwa mdogo. Kabla ya kuondoka aliitengeneza mashine hivi kwamba kila Jumamosi, nikishasasisha na kuingia, inamtumia mstari mmoja. Jina la mashine na saa. Basi. Wiki tisa zote amekuwa akiamka Jumamosi na kuusubiri. Saa moja na dakika ishirini, Mama yupo. Jumamosi hii mstari haukuja. Jumapili pia. Kunipigia nilimkataza. "Lakini kumpigia Védaste hukunikataza."

Basi ndiye aliyekuwa kwenye simu ile getini. Védaste hakuja kwa ajili ya umuganda. Alitumwa kuona kama niko hai, akakuta mwanamke anayeshika goti na kusema uongo, akamwambia mtoto mama yako yuko, ana goti.

Tulisikilizana tunapumua.

Kisha kazi. Nikawasha upya, nikabonyeza kitufe cha juu kushoto mara nyingi kama alivyosema. Orodha ikatokea, ina mwanga wake. Kiini cha zamani bado kipo, mfumo haukitupi ukileta kipya. Nikakichagua. Kioo kikawaka. Picha yake na yangu, siku ya ubatizo, mimi nimefumba macho.

Akafanya yaliyobaki akiwa kule, aliongeza mstari wa maagizo ili kiini kipya kitambue taa. Nilitazama mshale ukitembea wenyewe kwenye kioo changu. Sikuondoa macho.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimempigia Fidèle, nimemwambia sitaleta mashine. Nimemweleza na habari ya tochi. Amefurahi kuliko mimi. Atajaribu kwa mashine mbili alizonazo pale.

Nimekopi kila kitu kwenye flashi mpya. Hii haiendi kwaya.

Jumamosi, 1 Novemba

Chai. Kompyuta. Leo orodha ni fupi, vitu vitano tu, hakuna kiini. Nimewasha upya. Kioo kimewaka chenyewe.

Aimé hana tiketi. Tuliongea tena jana na hakuigusa, nami sikuuliza. Atakaa huko miaka mitatu, labda zaidi. Nitazoea au sitazoea. Nyumba ni ile ile, viti ni vile vile.

Baadaye nitamrudishia Védaste sufuria ya ule uji, ilitoka kwake, nimekwisha kuisugua. Nitatembea kwa miguu yangu miwili, bila kuchechemea. Akitaka kucheka, acheke.

Kisanduku cha neno la siri kipo mbele yangu. Kwanza nimechana nywele. Haonekani mtu yeyote kwenye ule mstari, ni jina la mashine na saa tu, lakini nimechana. Saa moja na dakika kumi na tisa. Nasubiri dakika moja.