Ndege Iliyompiga Isihaka

Nachingwea, Oktoba 1950

Kwa mama yangu mpenzi, Mwanamvua,

Shikamoo mama. Nisamehe kwa kukaa kimya tangu mavuno ya mtama hata leo. Sijakusahau. Mtoto analia tumbo usiku, mchana nafua, na nikishika kalamu usingizi unaninyang'anya. Hata sasa naandika huku ananyonya, kwa hiyo Kaimu anayekusomea asicheke mwandiko wa dada yake. Goti lako linaendeleaje? Korosho zimeanza kudondoka? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Awadhi bado anaendesha trekta katika mashamba ya karanga ya Wazungu, na mimi bado namfulia nguo bwana wake, yule ambaye vibarua wanamwita Bwana Mwewe kwa kuwa wakati wa vita alikuwa rubani wa ndege za kupigana.

Mama, habari niliyo nayo ni nzito. Kama kuna majirani hapo barazani, Kaimu angoje kwanza waondoke.

Mwaka jana walikuja Wazungu wa sinema. Walikuwa wanawatafuta marubani wa vita popote walipo, wawapige picha wakieleza waliyoyaona, ili yasipotee wakifa. Walimketisha Bwana Mwewe kwenye kiti pale kiwanja cha ndege, akasema mbele ya mashine mpaka shati likalowa jasho, nikaitwa nimpelekee jingine. Jirani yangu Mwamina alinitania kwamba pasi yangu itafika Ulaya kabla yangu.

Wiki iliyopita sinema yenyewe ililetwa tuione. Walitundika shuka kwenye ukuta wa bohari baada ya magharibi, na Benedikto, karani, akashika kipaza sauti kutufasiria. Mwanzoni ilikuwa raha. Ndege zilipoinama wanawake walijifunika vichwa, Mwamina akauliza kwa sauti kama shuka lile litafulika tena.

Kisha akatokea Bwana Mwewe mwenyewe. Alisema alikuwa Bama, kule walikopigana na Wajapani. Asubuhi moja ya mvua aliambiwa adui anavuka mto na nyumbu wa mizigo. Akashuka akapiga, akageuka akapiga tena. Jioni akaambiwa wale hawakuwa adui. Walikuwa askari Waafrika wa Keya, jeshi la Mwingereza, watu wetu. Benedikto alipofika hapo alishusha kipaza sauti, watu wakamzomea aendelee, akaendelea.

Nyuma yangu alikuwa ameketi Shaban, yule aliyepigana pamoja na kaka Isihaka, akaja Likunja kutuletea msiba. Aliinuka akaondoka, akaacha viatu vyake.

Unakumbuka alivyotueleza, mama. Alisema Isihaka alikufa mtoni akivusha nyumbu, na ndege iliyompiga ilikuwa na duara za Mwingereza chini ya mbawa. Sisi tukasema ndege ya Mwingereza haimpigi askari wa Mwingereza. Wazee wakasema basi ile haikuwa ndege, ni mtu wa nyumbani aliyeruka kwa uchawi akavaa umbo la ndege. Na kwa kuwa mjomba Saadi ndiye aliyemruhusu Isihaka aandikishwe, na mjomba ndiye mwenye wapwa, vidole vyote vikamwelekea yeye. Mmetoka tumbo moja, nawe ukamfungia mlango, akahamia Mtua. Sikulaumu. Mji mzima uliamini.

Kesho yake nilimchukua Benedikto tukaenda kwa Bwana Mwewe. Nilimwambia mmoja wa wale wa mtoni alikuwa kaka yangu. Akaketi palepale kwenye ngazi. Aliuliza jina lake, nikamtajia. Akauliza kama kuna jambo anaweza kunifanyia. Nikasema lipo, aje Mtua ayaseme tena kwa mdomo wake mbele ya mzee mmoja. Akaja.

Mjomba amekonda, mama. Alisikiliza mpaka mwisho, wala hakumtazama Mzungu. Alinitazama mimi, akaniuliza, "Kwa hiyo si mimi?"

 Sisi tulidhani huko aliko bado anakana. Kumbe aliacha kukana zamani. Alisema mji mzima hauwezi kukosea, wala dada yake mwenyewe, akaona labda aliruka akiwa usingizini bila kujijua. Kila akilala hujifunga mguu kwa kamba kwenye kitanda, asije akaruka tena akaua mtu. Alama ya kamba nimeiona kwenye kifundo kwa macho yangu. Bwana Mwewe alitaka kujua mzee amesema nini. Benedikto alikataa kumfasiria.

Sasa nakuambia nililofanya bila idhini yako. Mjomba yuko kwangu. Awadhi amekubali. Siku ya kwanza aliomba kamba, nikamnyima. Akakesha akimpakata mtoto, nami nikalala.

Simrudishi Likunja kwa siri. Ukimtaka, njoo umchukue mwenyewe, na wazee walewale waliosema waje nawe, waseme tena mbele yake kwamba walikosea. Nakupenda mama, na katika hili sitabadilika.

Nisalimie Kaimu, na Mwanne, na wote wa nyumbani. Mjukuu wako anakuamkia.

Ni mimi mwanao,
Mwanawetu

Unitumie kwa lori la korosho: mizizi ya tumbo la mtoto, kaniki ya kumbebea, unga wa muhogo kidogo, na vya mjomba vilivyobaki kwako, yaani jembe, mkeka, kanzu yake ya Idi, na siku utakayokuja.