Si Wewe Uliyeleta Goita, Luningning

Wanangu,

Wali wa jana ukaangeni na kitunguu saumu. Crisanto, mtolee mdogo wako miiba kwenye samaki mkavu, na usijifanye kiziwi.

~~Nimekwenda sokoni.~~ Hapana. Nimekwenda hospitali, mjini Iloilo. Uvimbe wa shingo umekua, na leo sauti imegoma kabisa.

Luningning, asubuhi ulinishika shingo ukauliza, "Mama, ni mimi? Bibi anasema goita inaletwa na kufoka, na kila siku unanifokea mimi." Nikataka kukujibu, sauti haikutoka, ukakimbia unalia. Basi jibu ndilo hili: si wewe! Nesi wa zahanati alishaniambia kelele hazileti goita. Goita ndiyo inayoweza kubana sauti. Bibi msimbishie, mnamjua.

Karaoke ya Jumapili iko palepale, ila baba yenu asipewe maiki. Majirani hawajatukosea kitu.

Naogopa, siwafichi. Sijui daktari atasema nini.

Jioni mkisikia geti linagongwa na hakuna anayefoka, ni mimi. Fungueni mbio.

Mama yenu