Mgomba Tuliouzika

Jumapili, 6 Oktoba

Paroko ameniruhusu kusimama tena baada ya matangazo. Nimesema maneno yangu yaleyale — kaka yangu Deodatus, miaka ishirini na mbili gerezani, alimkata jirani kwa panga wakigombea mpaka wa kibanja. Alikiri. Akahukumiwa kunyongwa, baadaye ikawa kifungo cha maisha. Sasa tunamwombea msamaha wa Rais, naomba sahihi zenu. Watu wakapanga foleni nje ya kanisa. Mama mmoja wa kwaya alilia akanishika mikono yote miwili, akasema nina moyo wa pekee.

Moyo gani. Nilikuwa nawaza sketi za shule, zile ambazo marinda yamekosewa na zote inabidi nizifumue.

Sijui nilikauka lini hivi. Namfuatilia Deo kama mtu anayefuatilia mita ya umeme — ofisi hii, ofisi ile, njoo kesho, bosi yuko kikaoni. Siumii, sifurahi. Ila nisipokwenda mimi hakuna atakayekwenda.

Jumatano, 9 Oktoba

Ilemela, kwa Hellen, afisa ustawi wa jamii anayeshughulikia faili letu. Dada mzuri, ana mafua tangu nimjue. Anasema faili limekaa vizuri: tabia safi, Deo anafundisha wenzake useremala, mkuu wa gereza ameandika mazuri. Limebaki jambo moja. Ukoo wetu kule Muleba uandike kwamba utampokea, mtendaji wa kijiji agonge muhuri.

Nikamwambia atakaa kwangu Buswelu, chumba kipo. Akasema chumba ni kizuri, lakini kamati ya msamaha itataka kujua kwao kukoje, maana damu ilimwagika kule. Kama nyumbani hawamtaki, wataogopa kumtoa.

— Ukoo si tatizo, eti dada Eugenia?

Nikasema si tatizo. Nimetoka pale na uongo wangu, nikapanda bodaboda.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimempigia baba mdogo Rugemalira. Ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba afariki. Shikamoo, marahaba, habari za Mwanza, mvua imeanza? Kisha nikamtaja Deo na ile karatasi ya ukoo. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayemsemesha mgonjwa:

— Deodatus yupi? Deodatus si tulimzika.

Najua tulimzika. Nilikuwepo.

Niliandike basi, maana sijawahi kuliandika. Hukumu ilipotoka, baba alikaa na redio kila jioni akisubiri kusikia mwanawe amenyongwa. Miezi kwa miezi. Hali, halali, mama akimsemesha hajibu. Asubuhi moja akakata mgomba, akauvika shati la Deo la Krismasi, akauviringisha shuka, akaita watu. Katekista alikataa kuja. Watu walikuja. Kaburi likachimbwa, tukakaa matanga kama matanga mengine, na redio akaigawa siku hiyohiyo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nililia mpaka sauti ikakauka, shangazi wakanimwagia maji. Nadhani machozi yangu yote ya Deo yaliishia pale.

Adhabu ilipopunguzwa kuwa maisha, mama alikimbia shambani kumwambia baba. Baba akasema, tumeshamaliza. Akaendelea kupalilia. Tukakubaliana Deo asiambiwe kamwe, na hajaambiwa.

Baba mdogo anasema aliyezikwa hali sahani moja na walio hai. Si kwamba anamchukia. Nije tuongee.

Ijumaa, 25 Oktoba

Muleba. Basi limechelewa, miguu imevimba.

Nimeanza kwa Bernadeta, mjane wa Nestory — Nestory ndiye jirani aliyeuawa na Deo. Nilimwogopa yeye kuliko wote. Nimemkuta anamenya ndizi barazani. Nikamwamkia nikiwa nimepiga magoti. Akaniletea kigoda. Nikaeleza yote, mpaka mwisho, bila kumwangalia usoni.

Akasema yeye alishasamehe siku nyingi. Nikauliza lini. Akashangaa kwamba sijui.

— Siku mlipomzika. Si nilikuja? Nilileta mkungu. Nikaona baba yako anatupa udongo juu ya shati la mwanawe, nikasema basi, naye amepata cha kwake. Nikarudi nyumbani nikalala usingizi.

Ataweka dole gumba popote atakapoonyeshwa. Akaendelea kumenya. Nilipoaga akanisindikiza hadi kwenye mpaka uleule, akasimama.

— Mimi nimesamehe, mwanangu. Ninyi je, mtamfukua?

Jumapili, 27 Oktoba

Kikao cha ukoo, nyuma ya nyumba, chungu kimoja cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na wazee watano. Mzee mmoja alilala. Waliongea mpaka jua likageuka. Nilikaa kwenye jamvi na akina mama, naulizwa najibu.

Uamuzi. Watampokea, ila kwanza kaburi lifukuliwe mchana, watu wakiona, kilichomo kitolewe, na pale upandwe mche wa mgomba ulio hai. Vizuri. Nikasema asante, nikadhani yamekwisha. Baba mdogo akainua kidole. Tulimzika bila kumwambia, akasema, na hilo lilikuwa kosa letu. Kumfukua hatutamfukua bila yeye. Aambiwe. Aseme kwa mdomo wake kwamba anataka kurudi kwa walio hai, na wewe Eugenia ndiye utakayetuletea neno lake.

Jioni nimepita makaburini. Kaburi la Deo lina mawe pembeni, limepaliliwa vizuri kuliko la baba. Na mama, tangu afariki, kalala ubavuni kwa Deo, karibu kabisa, hata mtu hawezi kupita katikati. Aliomba mwenyewe. Miaka yote alikuwa anakwenda Mwanza kumwona Deo, mpaka miguu ikakataa. Alipokuwa mahututi akasema, nilazeni na mwanangu, walau hapa hakuna askari wa kuniambia muda umekwisha. Nikamwambia sawa mama. Wakati ule nilidhani ni homa inaongea.

Jumanne, 5 Novemba

Cherehani. Kola. Vifungo. Hellen kapiga, faili linaingia kwa kamati Jumatatu ya tarehe 25, likikosa siku hiyo ni hadi mwakani, na mwakani hajui kama atakuwa yeye kwenye ile meza. Nimesema nimeelewa.

Jumapili iliyopita nilikuwa na nafasi ya kumwona Deo, sikwenda. Nilisema naumwa tumbo. Siumwi.

Jumapili, 17 Novemba

Nimemwambia.

Nilimpelekea senene, ndiyo msimu. Askari wa mlangoni akaonja, akacheka, akasema Wahaya na panzi wenu. Deo katoka amenyoa, mwembamba, mvi mpaka kwenye nyusi. Kaka yangu. Nikimwangalia namwona mzee wa watu fulani. Akauliza habari za cherehani, za mvua, akauliza kama kule nyumbani ule mti wa kahawa mbele ya jiko bado unazaa. Nikasema kaka Deo, nina neno, usinikatishe.

Nikasema yote kama ninavyosema kanisani, sauti ileile. Redio. Mgomba. Shati la Krismasi. Matanga. Wazee. Jembe. Hakunikatisha. Alishika senene mmoja kwenye vidole muda wote, hamli.

Akauliza, baba alilia? Nikasema hapana.

— Nani alilia?

— Mimi.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa bei akaona ni ya haki. Nilidhani atapiga kelele, nilijiandaa kwa kelele. Akauliza mama alizikwa wapi. Hilo hajawahi kuuliza vizuri, siku zote alikuwa anasema tu nikitoka nitakwenda kwa mama. Nikamwambia. Ubavuni kwako. Aliomba mwenyewe.

Hapo ndipo alipoinama. Alikaa hivyo, nikawa naona utosi wake na kovu la utotoni alipoanguka kutoka juu ya mwembe wa shule. Alipoinua uso ulikuwa mkavu kama wangu.

— Wasifukue.

Nikamwambia, kaka, wasipofukua hutoki. Nikamweleza tarehe. Nikamweleza Hellen, kamati, mwakani. Akasikiliza kwa adabu.

— Mimi huku nina kitanda, nina vijana nawafundisha randa. Nimeshazoea. Yeye alikwenda pale kwa ajili yangu, Eugenia. Mkinitoa atalala na nani?

Nikasema ni mgomba, Deo. Ni mgomba umeshaoza zamani. Akasema anajua ni mgomba. Akasema, mama pia alijua.

Askari akasema muda. Deo akasimama mara moja, kama anavyosimama siku zote, akanipa mkono kupitia kwenye nondo.

— Waambie baba mdogo na wazee nimewashukuru. Wasiguse.

Jumatano, 20 Novemba

Nina hasira. Nimeshangaa, nimekaa nayo kitandani kama na mgeni. Hasira na mama, alijilaza pale bila kuuliza mtu. Hasira na baba na redio yake. Hasira na Deo — miaka yote nasimama makanisani Buswelu, Buhongwa, mpaka Nyamagana, najidhalilisha, halafu kitanda, halafu randa! Mtu anachagua kaburi la mgomba anaacha chumba nilichokipaka rangi.

Nikafua shuka zote. Jioni hasira imekwisha, nimebaki kama nilivyokuwa.

Kitu kimoja hakiondoki. Kama wangeniuliza mimi, Eugenia, unamtaka? Sijui ni nani yule. Ninachojua ni kwamba ana miaka hamsini na mmoja na atafia mle ndani, na safari hiyo watanipigia simu nikachukue maiti kweli, na sitakuwa na chozi la kumpa.

Jumamosi, 23 Novemba

Saa nne asubuhi. Simu iko mezani juu ya vitambaa, spika wazi. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Baba mdogo amepiga. Wako makaburini. Wazee wote wamekuja, mtendaji amekuja na muhuri wake kwenye mfuko wa shati, karatasi itapanda basi la leo. Bernadeta naye amekuja, na jembe lake mwenyewe. Mche wa mgomba uko tayari kwenye kivuli. Nilimsikia akiwanyamazisha watu.

— Haya, mwanangu. Tuletee neno lake. Deo amesemaje?

Wiki nzima nimejiambia nitasema ukweli, waamue wao, wao ndio wazee. Jana usiku nilikuwa na uhakika. Nimefungua mdomo.

— Amekubali.

— Kwa mdomo wake?

— Kwa mdomo wake, baba mdogo.

Akawageukia, akalitangaza kwa Kihaya, amekubali, anataka kurudi kwa walio hai. Mtu mmoja akapiga makofi. Bernadeta nilimtambua kwa kikohozi chake, akasema Mungu ni mwema. Kisha nikasema waanzie upande wa barabara, wasisogee kabisa upande wa mama. Baba mdogo akasema hilo hawahitaji kufundishwa na mtoto.

Nasikia jembe. Linagonga jiwe, linatolewa jiwe, linaanza tena. Nimengoja nilie, nimejipa nafasi kabisa, nimefunga mlango wa duka. Hakuna. Ila mguu unatetemeka wenyewe, mpaka pedeli ya cherehani inagonga sakafu na sindano inapanda na kushuka bila kitambaa.

Wanaongea. Mtu anasema kuna kipande cha nguo bado. Mwingine anasema taratibu, taratibu, mama yao yuko hapa. Baba mdogo kairudia simu, anahema, anasema udongo ni laini, watamaliza mapema. Ananiita. Anauliza kama bado nipo.