Jezi Zinazorudi na Jasho

Mpendwa mshauri, Bibi yetu, shikamoo. Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Mume wangu alikuwa kocha wa timu ya taifa, na mechi yake ya mwisho haikwisha, taa za uwanja zilizimika tukiwa sare, watu wakarudishwa makwao, na kesho yake shirikisho likatangaza redioni kwamba tumeshindwa na yeye hana kazi, wala hawakuja kuchukua jezi zao, basi mfuko wa jezi ukabaki chini ya kitanda chetu. Hakulia, Bibi. Ila kila siku baada ya chakula cha mchana anaubeba ule mfuko anakwenda kiwanja cha zamani cha mazoezi, nikasema mwache ajiliwaze, lakini jezi zinarudi zimelowa jasho, zote isipokuwa moja, na si jasho la mtu mmoja, mimi nimefua jezi tangu akiwa kocha wa timu ya mtaa, najua. Nikadhani vijana wake wanamjia kwa siri. Juzi nikamfuata. Jua kali, kiwanja kitupu, yeye kasimama kwenye mstari anapiga kelele, "Ziba hapo! Wewe, rudi nyuma, unalala?" na mfuko uko miguuni pake, hauna kitu, na nyasi zinalala na kuinuka wala upepo haukuwepo. Mpira nilikuwa nausikia tu. Akageuka, akatabasamu kama siku alipokuja kunichumbia, akasema, "Mama watoto, mbona umekuja mapema?" Nikakimbia. Jioni ile ile nikawaona wachezaji wake kwenye runinga, wazima wa afya, wako na kocha mpya.

Jana ameniletea ile jezi isiyolowa, ya mchezaji wa akiba, akaniambia kwa upole, "Ipunguze mabega kidogo, ikutoshe." Nikauliza ya nini. Akasema, "Mmoja kaumia."

Bibi, nampenda mume wangu. Uzi nimeshautunga kwenye sindano. Niishone, au niondoke?

Mke wa Kocha

*

Mke wa Kocha, marahaba. Weka hiyo sindano chini. Umeweka? Haya, sasa tuongee.

Mimi sikusoma, mjukuu wangu ndiye aliyenisomea barua yako, na alipofika kwenye jezi alitaka kuikunja, nikamwambia malizia, woga haujaua msomaji. Pole, mwanangu. Lakini na wewe nawe! Unafua jasho la watu usiowajua, unalianika, unalikunja, unalirudisha chini ya kitanda unacholalia? Mgeni anayefuliwa hivyo ataondoka lini? Ni akina nani, usiniulize. Sijui, na wewe usitake kujua.

Kushona, hapana. Kuondoka, hapana vilevile. Mume aliyepotea hakimbiwi, anafuatwa, ila hafuatwi kwa kuvaa jezi.

Mechi ile niliisikiliza. Taa zilizimika, watu wakatawanyika, na kipenga cha mwisho hakikulia. Kocha anaweza kubadili mchezaji, anaweza kupiga teke chupa za maji, lakini kumaliza mechi si kazi yake, ni kazi ya refa. Mumeo bado anasubiri, na wenzake wa kusubiri wamejitokeza.

Mtafute refa wa siku ile. Akikuita mwendawazimu, mwambie Bibi ndiye mwendawazimu, wewe umetumwa tu. Mwende naye kiwanjani mchana, yeye avae nguo zake za kazi, na wewe vaa gauni lako zuri. Usimwite mumeo. Simama tu kando yake kwenye mstari. Refa apulize kipenga kirefu cha mwisho. Mumeo akilia, mwache alie, kilio hicho amekichelewesha.

Mfuko uacheni hapo hapo. Ile jezi ya akiba niletee mimi, nina sakafu ya kudeki, tuone atakayethubutu kuja kuidai kwangu.

Kisha mshike mkono, mtoke. Mkisikia nyuma yenu mpira bado unapigwa, usigeuke, na yeye usimwachie ageuke. Waache wacheze bila kocha.