Ng'ombe Aliyezuia Vita

Tunduma, Jumanne, 9 Juni 2009

Habari za yule ng'ombe sikuzisema kwa nia mbaya. Mpwa wangu Neema, anayesomea usalama wa mataifa, aliniuliza mpaka wetu na Zambia ulitulia vipi. Nikamwambia nilichinja ng'ombe wangu katikati ya majeshi mawili, wakala wote, wakasinzia. Nikamwambia na pembe zake ninazo.

Leo karudi.

"Mjomba, sura ya nne ya tasnifu yangu yote ni wewe. Ijumaa maprofesa wanakuja kuziona pembe, wakiridhika napata udaktari."

Sijawahi kufuga hata kuku. Naogopa, maana dada yangu aliuza shamba la kahawa kumsomesha huyu.

Buchani wamenipa pembe mbili. Moja ndefu, moja fupi.

Nitasema ile fupi ilikatwa na risasi, ya kwanza na ya mwisho ya vita vile.